Je, Bima Yako Inaonyesha? Mazungumzo Kuhusu Dirisha la Mapokezi

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama unanyonyesha, endelea tu. Mtoto hakatazwi chakula chake kwa sababu ya redio. Ukiweza, tafuta kalamu na karatasi, kwa maana leo iko namba moja ya kuandika.

Leo hatutazungumza juu ya ugonjwa. Tutazungumza juu ya lile dirisha la kwanza unalolikuta ukiingia hospitali, kabla ya nesi na kabla ya daktari. Hapo anakaa karani na kompyuta yake. Unampa kitambulisho, anabonyeza, anatazama, kisha anakuambia neno moja kati ya mawili. Ama anasema, "Sawa mama, keti hapo ungoje." Ama anasema, "Mama, bima yako haionyeshi." Neno hilo la pili limewatoa jasho akina mama wengi, na wengi wao hawakuelezwa lina maana gani.

Basi tuanze hapo. Karani anapotazama kompyuta yake, hatazami jambo moja. Kwanza anatazama kama wewe unajulikana, yaani kama namba ya kitambulisho chako imesajiliwa na jina linalingana. Pili, kama mchango umelipwa na bado haujaisha muda. Tatu, kama yule mgonjwa uliyemleta, tuseme mtoto, ameandikwa chini ya jina la mwenye bima. Nne, kama hospitali ile ina mkataba na bima yako, na kama huduma unayoitaka inatolewa kwa ngazi ile ya hospitali. Tano, hasa kwa bima za kibinafsi, kama kiasi ulichowekewa kwa mwaka bado hakijamalizika. Likikwama lolote kati ya haya, utaambiwa tu kwamba bima haionyeshi. Kwa hiyo swali la kuuliza, na uliulize kwa upole, ni hili: "Samahani, ni nini hasa ambacho hakionyeshi? Ni jina, ni mchango, au ni mtoto?" Jibu litakuonyesha pa kwenda. Bila jibu hilo utazunguka siku nzima na mtoto mgongoni.

Sasa, bima yenyewe ni ipi? Wazazi wetu walijua NHIF. Hazina hiyo ilianzishwa mwaka 1966, na kadi yake ilikaa katika mikoba mingi kwa miaka mingi. Wengine bado wanaitunza hadi leo pamoja na cheti cha ndoa. Lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kazi ya NHIF ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, tunayoiita SHA. Kadi ya NHIF haikupi matibabu tena, na wale waliokuwa wanachama walitakiwa kujisajili katika SHA. Ukiwa na nyanya nyumbani ambaye anaamini kadi yake ya zamani bado inafanya kazi, mweleze leo, usingoje augue.

Kujisajili na kulipa ni mambo mawili mbalimbali, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kujisajili hakuna malipo. Na ukiwa umesajiliwa tu, hata kama hujalipa mchango, unaweza kutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba, zile tunazoziita ngazi ya 2 na ya 3. Huduma hizo zinalipiwa na hazina ya afya ya msingi, ambayo fedha zake hutoka kwa serikali. Kikohozi cha mtoto, kuhara, malaria ya kawaida, hayo yote huanzia hapo.

Lakini ukihitaji kulazwa katika hospitali kubwa, au kufanyiwa upasuaji, hapo mchango lazima uwe umelipwa. Kwa aliyeajiriwa, ni asilimia 2.75 ya mshahara, nayo hukatwa kila mwezi. Kwa asiye na mshahara, yaani mama mboga, mkulima, mwenye boda boda, mfua nguo, kuna maswali ya kukadiria uwezo wa nyumba yake, kisha anaambiwa kiasi chake. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Mambo hayo yamebadilika. Zamani mwenye kujilipia NHIF alitoa shilingi 500 kila mwezi, mwezi kwa mwezi. Sasa mtu akilipa 300 ya mwezi mmoja na kudhani amemaliza, atafika hospitali na kuambiwa mchango haujatimia. Mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa kulipa pole pole, ambapo unakopeshwa mchango wa mwaka na kurudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, mama, si zawadi. Uliza masharti yake kabla ya kuingia. Vyama vingi vya akina mama vimeona heri kuweka akiba kidogo kidogo na kuwalipia wanachama kwa zamu, na mimi naona hiyo ni njia nzuri zaidi kwa anayeiweza.

Ile namba niliyosema uandike ni *147#. Unaipiga kwa simu yoyote, hata kabambe ya kawaida. Hapo unaweza kujisajili, kuona kama umesajiliwa, na kuona hali ya mchango wako. Ukishindwa kusoma maandishi, mwombe mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako, yule anayepita nyumba hadi nyumba, akusaidie. Au nenda kituo cha afya siku ambayo hakuna mgonjwa nyumbani. Naam, siku ambayo hakuna mgonjwa. Karani akiwa na watu wanne kwenye foleni atakusaidia vizuri zaidi kuliko akiwa na watu arobaini, nawe ukiwa huna mtoto anayelia utaelewa zaidi.

Na sasa tuje kwa jambo ambalo huwakwamisha akina mama kuliko yote: watoto ambao hawajaandikwa.

Tuchukue mfano. Baba yuko Mombasa kazini, mshahara wake unakatwa kila mwezi bila kukosa. Mama yuko nyumbani Kakamega na watoto watatu. Mama anajua kwa hakika kwamba wana bima, kwa sababu ameona karatasi ya mshahara ya mumewe. Mtoto wa tatu, wa miezi minane, anashikwa na kichomi na anahitaji kulazwa. Dirishani karani anasema, "Namwona baba, nakuona wewe, naona watoto wawili. Huyu simwoni." Baba alisajili familia kabla mtoto huyu hajazaliwa, na hakuna aliyekumbuka kumwongeza. Mchango umelipwa wote, lakini mtoto hayumo. Hakuna mtu mbaya katika mfano huu. Ni kazi ya dakika chache ambayo haikufanywa.

Kwa hiyo, mama, unapojifungua, shika sana ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa unayopewa hospitalini au na chifu. Hiyo ndiyo inayokupatia cheti cha kuzaliwa. Kisheria unatakiwa kumwandikisha mtoto kabla hajatimiza miezi sita. Ukipitisha hapo unaingia katika mlolongo wa usajili wa kuchelewa, na hapo safari za kwenda ofisini huongezeka. Siku unapompeleka mtoto kuchanjwa, uliza pale pale kituoni jinsi ya kumwongeza katika bima kwa karatasi uliyo nayo. Chanjo yenyewe, kumbuka, katika vituo vya serikali hutolewa bure, iwe una bima au huna. Usikose chanjo kwa kuogopa dirisha.

Majina nayo yanatusumbua. Cheti kinasema Mohamed, kitambulisho cha baba kinasema Mohammed. Mama aliandikwa Wambui Mary, pengine ni Mary Wambui. Kwetu sisi ni mtu yule yule. Kompyuta haina busara hiyo. Linganisha kitambulisho, vyeti vya watoto na yale yanayoonekana katika usajili wa SHA. Ukiona tofauti, itengenezwe sasa.

Nawe nyanya unayelea wajukuu, au shangazi uliyeachiwa mtoto wa marehemu dada yako, nisikilize kidogo. Mtoto yule si lazima aonekane chini ya jina lako kwa sababu tu anakula kwako. Huenda ameandikwa kwa mama yake aliye Nairobi, au hajaandikwa kabisa. Mwulize mama yake, mpate kujua namba ya kitambulisho iliyotumika. Kama wazazi wote hawapo, nenda kwa chifu na ofisi ya watoto uanze kutafuta karatasi za kukutambua kama mlezi. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, kwa hiyo ni vyema kuianza wakati mtoto yuko mzima.

Liko pia jambo la kutambuliwa hospitalini. Siku za kwanza za SHA, namba ya siri ilitumwa kwa simu ya mwenye bima, naye alitakiwa kumsomea karani. Ikiwa simu ya baba imezima, mama alingoja. Mwaka 2025 serikali ilianza kuiondoa njia hiyo na kuweka alama za vidole mahali pake. Kwa hiyo siku hizi unaweza kuombwa uweke kidole kwenye kifaa kidogo. Wanawake wanaolima, wanaofua nguo au kuosha vyombo mchana kutwa, alama zao za vidole mara nyingine hazishiki vizuri. Nawa mikono, ikaushe, jaribu kidole kingine. Usione haya; karani ameshaona vidole vingi vya namna hiyo. Hata hivyo, hakikisha namba ya simu iliyo katika usajili wako ni ile unayotumia sasa, si ya laini uliyopoteza miaka mitatu iliyopita.

Sasa aliyeajiriwa. Akina dada wa viwandani, wa mashamba ya maua, walinzi, walimu wa shule za kibinafsi: karatasi ya mshahara inaonyesha umekatwa. Haionyeshi kwamba mwajiri amepeleka. Sheria inamtaka apeleke kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asipopeleka, wewe ndiwe utakayesimama dirishani. Piga ile *147# kila baada ya miezi kadhaa utazame. Ukiona haijapelekwa, enda ofisi ya wafanyakazi ukiwa na karatasi zako za mshahara, na ni bora muende watatu au wanne, kwa maana kama wako haujapelekwa na wao pengine pia haijapelekwa.

Nimesema karani anatazama mambo mengi. Sasa naomba uelewe pia kile ambacho hasemi. Akisema, "Bima yako iko sawa," hajasema kwamba bima italipa kila kitu. Amesema tu kwamba uko ndani. Kila huduma ina kiwango chake. Kwa mfano, viwango vya SHA vilivyotangazwa mwaka 2024 viliweka shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na shilingi 30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji. Hospitali ya serikali inaweza kukubali kiasi hicho kiwe malipo yote. Hospitali ya kibinafsi inaweza kutoza zaidi ya mara mbili ya hapo, na tofauti itakuwa juu yako na mumeo. Ndiyo sababu, ukiwa mjamzito, usingoje uchungu. Ukifika mwezi wa saba au wa nane, nenda katika hospitali uliyoichagua, uulize: "Nikijifungua hapa kwa kawaida, nitaongeza ngapi? Nikipasuliwa, nitaongeza ngapi? Mtoto akihitaji kulazwa chumba cha watoto wachanga, bima inahesabu vipi?" Waandikie hata kwenye karatasi chakavu, na uweke jina la idara iliyokujibu na tarehe. Wakikuzungusha bila jibu, hilo nalo ni jibu. Bado una mwezi mmoja wa kutafuta kwingine.

Kwa matibabu makubwa ya kupangwa, kama upasuaji usio wa haraka au picha za MRI, kuna kibali ambacho hospitali huomba kutoka kwa bima kabla ya kuanza. Kibali kinaweza kuchukua saa chache au siku. Uliza nani anakiomba na umeahidiwa lini, kisha rudi umwulize yule yule.

Walio na bima za kibinafsi, za kazini au za kununua wenyewe, sheria zao ziko katika kile kijitabu ambacho hakuna anayekisoma. Kisome, au mpe kijana wa sekondari akusomee. Tazama mambo machache: muda wa kungoja, hasa wa uzazi, ambao mara nyingi ni miezi tisa au zaidi tangu kujiunga, kiasi unachochangia mwenyewe kila uendapo kliniki, magonjwa yasiyolipiwa, na siku ulizopewa za kumwongeza mtoto mchanga. Uliza pia kama hospitali iliyo karibu nawe bado iko katika orodha yao, kwa sababu orodha hubadilika. Bima hizi zikikutendea isivyo haki, liko shirika la serikali linalozisimamia, Mamlaka ya Kusimamia Bima, nalo hupokea malalamiko ya wananchi.

Kuna mtego ambao lazima niutaje. Mtu anakuambia, "Weka kidole hapa tu, hulipi kitu, tutakupa soda." Au unaletewa fomu ya kulazwa nawe hukulazwa, ulitibiwa na kurudi nyumbani. Mwaka 2025 SHA ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za namna hii, ikiwemo kuandika wagonjwa wa kutibiwa na kwenda kana kwamba walilala wodini. Kidole chako ni sahihi yako. Usiweke mahali usipopata huduma. Tena usimpe jirani kitambulisho chako atibiwe kwa jina lako, hata kama unamhurumia. Ugonjwa wake utaandikwa kwako, kundi lake la damu litaandikwa kwako, na siku moja daktari ataamini maandishi hayo.

Sasa jambo zito kuliko yote. Mtoto anatetemeka kwa degedege. Mama mjamzito anavuja damu. Mtoto anavuta pumzi kwa shida hadi mbavu zinaingia ndani. Hapo, mama, dirisha si la kwanza. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema vivyo hivyo, na inahusu hospitali za serikali na za kibinafsi pia. Nenda moja kwa moja kwa nesi au daktari wa zamu na useme kwa sauti: "Hii ni dharura." Karatasi zitafuata. Mtu mwingine, mume, shemeji, jirani, ndiye abaki dirishani na kitambulisho wakati wewe uko ndani na mgonjwa. Kwa hiyo mteue mtu huyo mapema, na umwonyeshe mahali bahasha ilipo.

Bahasha gani? Ile ninayokuomba uitengeneze wiki hii. Ndani mna nakala ya kitambulisho chako na cha baba watoto, nakala za vyeti vya kuzaliwa, kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na karatasi yenye namba ya simu iliyosajiliwa. Iweke pamoja na nguo za mtoto kama uko karibu kujifungua. Isiwe chini ya godoro la mtu anayesafiri na funguo.

Na ikiwa kompyuta zimezima, au mtandao umepotea, jambo ambalo hutokea? Usikimbilie kutoa pesa taslimu kwa haraka. Uliza kwanza: "Je, mnaweza kuniandika kwa mkono, kisha mnihakikishe mtandao ukirudi?" Wengine hukubali. Ukilazimika kulipa, dai risiti, na iandikwe kazi iliyofanywa. Ukitibiwa zahanati na kutozwa kitu ambacho ulidhani ni bure, dai risiti hiyo hiyo. Asiyetaka kuandika risiti mara nyingi ana sababu.

Mwisho, wapo akina mama wanaoogopa kwenda hospitali kabisa, wakisikia kwamba asiyelipa hufungiwa wodini. Woga huo una chanzo, yametokea. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia akina mama hospitalini kwa sababu ya bili ya kujifungua ni kinyume cha sheria. Deni linabaki deni, na hospitali inaweza kulidai kwa njia nyingine, lakini si kwa kukufungia na mtoto mchanga. Ukikuta hali hiyo, omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Karibu kila hospitali kubwa ya serikali ina mmoja, na kazi yake ni kusikiliza, kupanga malipo ya kidogo kidogo au kupendekeza msamaha. Mwulize pia kuhusu mpango ulioanza mwaka 2025 ambao serikali inalipia mchango wa baadhi ya familia zisizojiweza.

Muda wetu umetuishia, msikilizaji. Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari, kwa hiyo uwe na kijiko cha chai na chupa safi ya lita moja karibu nawe. Kwaheri ya kuonana.